Maswali yanayoulizwa sana kuhusu Peter Ustinov, muigizaji mwenye bibi aliyezaliwa Magdala, Ethiopia

Kila nikimtaja huyu mzee kwenye stori za muvi maswali yanakuja yale yale, ndo maana nimeamua kuyaweka yote sehemu moja. Mengine nimejibu kirefu maana yana mengi ndani, mengine mstari mmoja unatosha.

Hivi Peter Ustinov ni nani hasa?

Muigizaji, mwandishi wa tamthilia na dairekta wa filamu. Kazaliwa London tarehe 16 Aprili 1921, kafariki Uswisi tarehe 28 Machi 2004 akiwa na miaka 82. Ana Oscar mbili za uigizaji, Emmy tatu na Grammy moja, tamthilia zake zimechezwa London na New York, na filamu alizoongoza mwenyewe ni nane.

Wengi mnamjua bila kujua kama mnamjua. Yule Poirot, mpelelezi wa kwenye vitabu vya Agatha Christie, mwenye kitambi na masharubu yaliyopinda, anayekula vizuri huku anatafuta muuaji kwenye meli ya mto Nile, ndo yeye. Na kwenye katuni ya Robin Hood ya Disney ya 1973 kuna simba mwenye taji linalompwaya, Prince John, akikasirika ananyonya kidole gumba huku anamlilia mama yake, ile sauti ni yake. Mimi nilianzia kwa huyo simba nikiwa mtoto, sikujua kiingereza hata kidogo lakini nilikuwa nacheka kwa sauti tu, yani ile sauti peke yake ilikuwa inaeleza kila kitu.

Ni kweli ana damu ya Ethiopia au ni stori tu?

Ni kweli, na hii stori ya ukoo wake naipenda kuliko hata muvi zake zenyewe, kwaiyo mnivumilie tuanze juu tushuke chini taratibu.

Kulikuwa na Mjerumani anaitwa Eduard Zander, mchoraji, aliingia Ethiopia mwaka 1847 na akabaki huko huko. Akazaa na mwanamke Muethiopia mtoto wa kike, Katharina. Katharina alipokua akaolewa na Moritz Hall, Myahudi kutoka Kraków huko Poland aliyebatizwa akawa Mkristo, naye alikuwa fundi wa kuyeyusha madini na kutengeneza mizinga. Mizinga ya nani? Ya Mfalme Tewodros wa Pili. Kama umesoma historia ya Ethiopia unajua Tewodros alikuwa na kiu ya silaha kubwa za kisasa, na mafundi wa kizungu waliokuwa nchini mwake aliwabana wamtengenezee. Baadae akagombana na Waingereza, akawafunga wajumbe wao, Waingereza wakaleta jeshi chini ya jenerali Napier, na Aprili 1868 pale kwenye ngome ya Magdala Tewodros alipoona mambo yamekwisha akajiua kuliko kukamatwa mzima.

Mwaka ule ule wa 1868, pale pale Magdala, Katharina akajifungua mtoto wa kike, wakamuita Magdalena. Huyo Magdalena ndo bibi yake Peter Ustinov, mama mzaa baba.

Familia ikahamia Jaffa, Palestina. Huko mwaka 1888 Magdalena akaolewa na Plato von Ustinov, baroni wa Kirusi aliyeacha dhehebu la Othodoksi akawa Mprotestanti, akachukua uraia wa Kijerumani na kuendesha hoteli Jaffa. Mtoto wao Jona akazaliwa huko huko Jaffa mwaka 1892. Jona ndo baba yake Peter.

Kwaiyo ukihesabu vizuri, Muethiopia kamili ni bibi yake bibi yake. Sisi watu wa huku kwenye kuhesabu ukoo hatuna shida, bibi wa bibi bado ni bibi.

Na upande wa mama?

Mama yake ni Nadia Benois, mchoraji na mbunifu wa mandhari za jukwaani, kazaliwa Urusi kwenye ukoo wenye damu ya Kifaransa na Kiitaliano. Baba yake Nadia, Leon Benois, alikuwa msanifu majengo mkubwa St. Petersburg. Kuna picha ya Leonardo da Vinci inaitwa Benois Madonna, iko kwenye jumba la makumbusho la Hermitage, hilo jina la Benois limetokana na familia hii hii maana picha ilikuwa yao kabla haijauzwa. Baba mdogo wake Nadia, Alexandre Benois, alikuwa mbunifu wa majukwaa ya bale anayejulikana dunia nzima.

Yani mtoto kazaliwa London, kabatizwa Ujerumani, mama Mrusi mwenye asili ya Ufaransa, baba Mjerumani wa Jaffa mwenye asili ya Urusi, Poland na Ethiopia. Sijui pale Tanga au Mombasa wangemuita nani, chotara, hafukasti, pointi faivu, kila neno tulilonalo linamwona mtu ana nusu mbili tu na huyu hakuwa na nusu mbili.

Sasa damu yenyewe ni kidogo sana, sehemu moja kati ya 16, kwanini unaikazania?

Swali zuri, na jibu lake liko mwaka 1935.

Baba yake Jona (watu walimuita Klop) alipigana vita kuu ya kwanza upande wa Ujerumani akiwa rubani, na ndugu yake aliyeitwa Peter alikufa kwenye vita hiyo hiyo mwaka 1917, ndo huyu wetu akapewa jina lake. Baada ya vita Klop akawa mwandishi wa habari, akaja London kufanya kazi na shirika la habari la Kijerumani, kisha akawa ofisa habari wa ubalozi wa Ujerumani. Hitler akaingia madarakani. Mwaka 1935 Klop akatakiwa kuthibitisha kwamba ukoo wake hauna Uyahudi. Mtu aliyepoteza ndugu vitani kwa ajili ya nchi hiyo anaulizwa habari za damu ya babu yake! Klop hakukubali, kazi ikaishia hapo, akachukua uraia wa Uingereza na akaanza kulifanyia kazi shirika la ujasusi la Uingereza, MI5, dhidi ya hao hao Wanazi.

Wakati huo Peter ana miaka 14. Yuko shule ya Westminster hapo London, na muda si mrefu kwenye shule ile ile akaletwa mtoto wa Ribbentrop, balozi mpya wa Hitler. Yani nyumbani baba kafukuzishwa kazi kwa sababu ya damu, shuleni anapishana na mtoto wa balozi wa serikali iliyomfukuzisha. Kwaiyo anayesema sehemu moja ya kumi na sita ni kidogo, ajue kwenye zile ofisi za Berlin damu ya babu mmoja tu, yule Moritz Hall Myahudi, haikuonekana kidogo. Na mimi naamini kabisa uandishi wake wote umetokea hapo, hiyo nitaieleza chini kidogo.

Alisomea kuigiza?

Ndio. Shuleni hakupaona pazuri, yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba ripoti moja ilisema ana ubunifu mkubwa na inabidi uzuiwe kwa gharama yoyote. Akaacha shule na miaka 16, akaingia London Theatre Studio kwa mwalimu Mfaransa Michel Saint-Denis. Mwaka 1939 akiwa na miaka 18 tayari anapanda jukwaani London kwenye ukumbi wa Players' na vichekesho alivyoandika mwenyewe, mmoja wa wahusika wake ni askofu mzee wa nchi ya kubuni ya Limpopoland, mzungu aliyekaa Afrika miaka mingi.

Alikuwa muigizaji akaja kuandika, au mwandishi akaja kuigiza?

Hapa ndo penyewe. Watu wanamuona kama muigizaji mchekeshaji aliyekuwa anaandika akipata nafasi. Mimi nasema geuza. Kuigiza kulimlipa na kumpa jina, lakini moyo ulikuwa kwenye kuandika, na ukitaka kumuelewa anza na tamthilia.

Ya kwanza kubwa ni House of Regrets, ilichezwa Arts Theatre London mwaka 1942 akiwa na miaka 21 tu. Inahusu wazee wa Kirusi waliokimbilia London, wanaishi kwa kumbukumbu za nchi ambayo haipo tena. Fikiria kijana wa miaka 21 anaandika habari za wazee na majuto yao na watu wazima wanakaa kimya wanamsikiliza. Hawa ni watu aliowaona sebuleni kwao tangu mtoto, marafiki wa mama yake.

Halafu mwaka 1951 ikaja The Love of Four Colonels, pale Wyndham's Theatre. Makanali wanne, Muingereza, Mmarekani, Mfaransa na Mrusi, wako Ujerumani baada ya vita, wamegawana sehemu ya kutawala na hawaelewani kwa lolote. Jirani kuna kasri na ndani yake amelala yule binti wa kwenye hadithi ya Sleeping Beauty, na kila kanali anapata zamu ya kumtongoza kwa staili ya kwao, kila mmoja anaingia kwenye mchezo wa kuigiza wa jadi ya nchi yake. Hakuna anayefanikiwa. Ilipovuka kwenda New York mwaka 1953 ikachezwa na Rex Harrison na Lilli Palmer, na wakosoaji wa huko wakaipa tuzo ya tamthilia bora ya kigeni.

Mwaka 1956 Romanoff and Juliet. Hii ndo iliyomtajirisha jina. Kuna kinchi kidogo cha kubuni katikati ya Ulaya, mtoto wa balozi wa Urusi anampenda binti wa balozi wa Marekani, wakati wenyewe kwa wenyewe wanaringiana makombora. Jenerali wa kile kinchi, ambaye Ustinov alimuigiza mwenyewe, anafanya mbinu zote hawa watoto waoane. Sasa soma tena ile stori ya ukoo juu halafu uangalie hii. Watu wa mataifa wanaotakiwa wachukiane wanakutana, wanapendana, wanazaana, na wakubwa wanabaki kukuna vichwa. Kwake hiyo ilikuwa habari ya kawaida ya nyumbani kwao, yeye mwenyewe ndo ushahidi kwamba inatokea. Ndo maana nasema ule ukoo ulimpa kitu cha kuandika maisha yake yote.

Zipo nyingine, Photo Finish ya 1962 ambapo mwandishi mzee wa miaka 80 anakutana na yeye mwenyewe wa miaka 60, wa 40 na wa 20, wote jukwaani wanabishana, na Beethoven's Tenth ya 1983 ambapo Beethoven anarudi kumtembelea mkosoaji wa muziki. Hizo mbili wazo lake ni kali sana, japo kwa maoni yangu Photo Finish ndo ina uchungu zaidi, maana yule mzee hawezi kumzuia yule kijana asikosee.

Ni kweli alikuwa mtumishi wa David Niven jeshini?

Kwenye makaratasi ndio. Aliingia jeshi la Uingereza 1942 kama askari wa kawaida kabisa. Wakati huo Niven, staa wa sinema, alikuwa luteni kanali, na walikuwa wanatengeneza pamoja filamu ya jeshi, The Way Ahead (1944), iliyoongozwa na Carol Reed. Ustinov alikuwa anaandika skripti pamoja na Eric Ambler. Tatizo jeshini askari mdogo hawezi tu kukaa meza moja na luteni kanali, kwaiyo suluhisho likawa kumuandikisha Ustinov kama mtumishi wa Niven, yule askari wa kumpigia ofisa viatu rangi. Wakapata ruhusa ya kukaa pamoja, kazi ikaenda.

Oscar zake ni za filamu gani?

Spartacus (1960) na Topkapi (1964), zote za muigizaji msaidizi. Kabla ya hapo alishapendekezwa kwa Quo Vadis (1951), na baadae akapendekezwa kwa kuandika skripti ya Hot Millions (1968). Hiyo Hot Millions itafuteni, jamaa anatoka jela anajifanya mtaalamu wa kompyuta anaiibia kampuni kubwa kwa kutumia kompyuta yao wenyewe, mwaka 1968! Yuko na Maggie Smith.

Quo Vadis ndo iliyompeleka Hollywood. Anaigiza Kaisari Nero, na alipenda kusimulia kwamba kampuni ya filamu iliogopa ni mdogo mno kwa ile nafasi, akawapelekea telegramu kwamba wakichelewa zaidi atakuwa mzee mno maana Nero mwenyewe alikufa na miaka 30 hivi. Wakampa. Nero wake si jitu la kutisha, ni mtoto aliyedekezwa akapewa dunia, anaimba vibaya na hakuna wa kumwambia.

Kwenye Spartacus yeye ni Batiatus, mfanyabiashara wa watumwa mwenye shule ya kufundisha wapiganaji. Angeweza kumuigiza kama shetani, ingekuwa rahisi, lakini alimfanya mtu mdogo anayehesabu pesa, anayewanyenyekea wakubwa na kuwauza wadogo, na ukimuangalia unajua unamfahamu mtu wa hivyo mtaani kwenu. Baadhi ya scene zake na Charles Laughton aliziandika upya mwenyewe. Utengenezaji wa ile filamu ulichukua muda mrefu mpaka binti yake alipoulizwa baba yako anafanya kazi gani akajibu "Spartacus". Na mpaka leo yeye ndo muigizaji pekee aliyepata Oscar kwenye filamu iliyoongozwa na Stanley Kubrick.

Ilikuwaje akakosa Pink Panther?

Kwenye hiyo filamu ya vichekesho alikuwa acheze yeye ile nafasi ya inspekta Clouseau, akajitoa karibu kabisa na kuanza kupiga picha, ikaenda kwa Peter Sellers. Mengine mnayajua.

Kama dairekta alikuwa mzuri kweli?

Nitasema ukweli wangu. Alianza mapema sana, School for Secrets ya 1946, kuhusu wanasayansi waliotengeneza rada wakati wa vita, aliongoza akiwa na miaka 25. Ikafuata Vice Versa (1948), baba na mtoto wanabadilishana miili, kisha Private Angelo (1949). Zote unaziona zina akili, lakini kamera bado inakaa kama iko ukumbini inaangalia jukwaa.

Ila Billy Budd ya 1962, hapo nasimama mimi na yeyote. Imetoka kwenye hadithi ya Herman Melville, ni nyeusi na nyeupe, iko baharini karibu yote. Kijana baharia msafi wa moyo mwenye kigugumizi anasingiziwa na mkuu wa nidhamu, anashindwa kuongea kujitetea, anampiga ngumi moja na yule mtu anakufa. Nahodha anajua kijana hana hatia ya moyoni, na anajua pia sheria ya vita inasemaje. Ustinov ndo nahodha, ndo dairekta, ndo prodyuza, na yumo kwenye skripti. Yule kijana ni Terence Stamp, filamu yake ya kwanza kabisa maishani, akapendekezwa Oscar. Ile scene ya maofisa wanajadili mezani kama anyongwe au asinyongwe inanikaba kila nikiiangalia, maana hakuna mtu mbaya pale mezani, wote ni watu wazuri na kijana atakufa. Mtu anayemuona Ustinov kama mchekeshaji tu nampeleka hapa kwanza.

Baada ya hapo akapanda na kushuka. Lady L (1965) ina Sophia Loren, Paul Newman na nguo nzuri ila haijui inaenda wapi. Hammersmith Is Out (1972) alikuwa na Elizabeth Taylor na Richard Burton, haikushika. Ya mwisho Memed My Hawk (1984), kutoka riwaya ya Yaşar Kemal wa Uturuki, serikali ya Uturuki ilikataa isipigwe kule ikabidi aende Yugoslavia, ukiiangalia unaona nia yake ni kubwa kuliko kilichotoka. Nadhani shida yake ilikuwa moja, alikuwa na vipaji vingi na kila kipaji kilikuwa kinamuita, mara riwaya, mara kuongoza opera Covent Garden, mara King Lear kule Stratford ya Kanada mwaka 1979. Dairekta anataka mtu akae sehemu moja miaka miwili anapambana na kitu kimoja. Mzee hakuwa wa hivyo.

Kama Poirot alicheza mara ngapi?

Sita. Za sinema ni Death on the Nile (1978), Evil Under the Sun (1982) na Appointment with Death (1988), na katikati kuna tatu za televisheni mwaka 1985 na 1986. Kwenye ya 1985, Thirteen at Dinner, inspekta Japp kaigizwa na David Suchet, yule yule aliyekuja kuwa Poirot wa televisheni kwa miaka mingi.

Kwenye vitabu Poirot ni mfupi na mtanashati, Ustinov alikuwa jitu zima lenye mwili. Inasimuliwa kwamba binti yake Agatha Christie alimuangalia akasema Poirot hayuko hivi, Ustinov akamjibu kwamba sasa yuko hivi. Wanaopenda vitabu wanambeba Suchet na sigombani nao, ila Poirot wa Ustinov anakufanya utamani kukaa nae meza moja ukala nae, na mimi hilo linanitosha.

Alijua lugha ngapi?

Sita alizimudu vizuri: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kiitaliano na Kihispania. Na Kituruki na Kigiriki kidogo. Baadhi ya filamu zake zilipotolewa kwa Kifaransa au Kijerumani aliingiza sauti mwenyewe, hakuhitaji mtu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua muvi ikiingizwa sauti na dijei inageuka muvi nyingine kabisa, kwake hapana, ni yeye yule yule anaongea na watu wa kila nchi kwa lugha yao. Na lafudhi ndo usiseme, aliweza kuigiza Muingereza wa tabaka la juu, Mmarekani wa Texas na Mrusi kwenye sentensi moja. Hata ile Grammy aliipata kwa sauti, kusimulia Peter and the Wolf ya Prokofiev kwa watoto.

Alikuwepo Indira Gandhi alipouawa?

Alikuwa pale pale. Tarehe 31 Oktoba 1984, New Delhi, Ustinov na kikundi chake cha televisheni wameshaweka kamera na viti kwenye bustani, wanamsubiri waziri mkuu aje kuhojiwa. Indira akatoka nyumbani anakuja kwa miguu kwenye hayo mahojiano, njiani walinzi wake wawili wakampiga risasi. Ustinov alikuwa mbali kidogo tu, akasikia milio. Mtu aliyezoea kuigiza mauaji akakutana na yenyewe.

Na UNICEF ilikuwaje?

Alianza kuwa balozi wa hiari wa UNICEF mwishoni mwa miaka ya 1960 na hakuacha mpaka anakufa 2004, yani miaka zaidi ya 30. Si wa kupiga picha na kuondoka, alizunguka nchi nyingi na kutumia ule ule uchekeshaji kuchangisha pesa kwa ajili ya watoto. Mwaka 1990 akapewa cheo cha Sir na Malkia. Kuanzia 1991 aliongoza harakati ya dunia ya watu wanaotaka serikali ya shirikisho ya dunia nzima, wengine waliona ni ndoto za mchana, ila kwa mtu mwenye ule ukoo mimi naona ilikuwa ni kuomba tu sheria zifuate kile ambacho damu ilishafanya.

Kitu alichokifia kabisa uzeeni ni kupambana na chuki ya kudhani, ile ya kumhukumu mtu kabla hujamjua. Alitaka vyuo vikuu vifundishe na kuchunguza hiyo kitu kama ugonjwa unavyochunguzwa, na mwaka 2003 taasisi yenye jina lake ya kazi hiyo ikaanzishwa Vienna. Chuo Kikuu cha Durham alichokuwa mkuu wake tangu 1992 nacho kiliipa jina lake moja ya koleji zake, Ustinov College. Mtoto wa Klop huyo, aliyeona baba yake anaulizwa damu.

Yeye mwenyewe aliongelea huo Uafrika au ni watu wamemtafutia?

Aliongelea, wala hakuuficha. Kwenye kitabu cha maisha yake, Dear Me, cha 1977, habari za babu fundi wa mizinga na Tewodros zimo.

Nianze na ipi?

Ukiwa na watoto nyumbani, Robin Hood. Ukiwa na wazazi au mtu anayependa ujambazi wa akili, Topkapi, ambayo imetoka kwenye riwaya ya yule yule Eric Ambler waliyeandika nae jeshini. Ustinov ni kitapeli kidogo kinachoogopa urefu na anajikuta juu ya paa la jumba la makumbusho Istanbul ameshika kamba yenye mtu mwishoni, karibu hakuna anayeongea, jasho linamtoka na wewe linakutoka. Halafu Billy Budd, uwe peke yako na simu umeiweka mbali. Spartacus ni ndefu kama masaa matatu, jipange. Kama unasoma tamthilia kwa kiingereza, tafuta Romanoff and Juliet, vikundi vya shule vinaweza kuicheza bila gharama kubwa, seti yenyewe ni balozi mbili zinazotazamana na uwanja katikati.

Aliacha watoto?

Wanne, wa ndoa mbili kati ya tatu. Tamara ni muigizaji, Igor ni mchongaji sanamu.

Kazikwa wapi?

Bursins, kijiji cha Uswisi chenye mashamba ya zabibu kule jimbo la Vaud, ndo alipokuwa anaishi.